Lenzi ya Kumwona Tembo kwa Mbali

Muscat

Mdogo wangu Shabani,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, joto tu la huku ndilo linalonikausha. Hujambo wewe? Mguu wa mama unaendeleaje? Na mpunga wetu hapo Mloka umepona, au tembo wameshauvuna?

Kamera yako nimeinunua. Ila kabla hujashangilia, kaa kitako, nina neno nawe.

Uliniandikia nitafute kamera kubwa na lenzi fupi, kwa sababu lenzi ndefu ni ghali, na wewe unayewatembeza wageni porini "unajua kusogea". Neno hilo halikunipita. Nikaifungua tena ile picha ya tembo uliyosema umeipiga kwa simu ukiwa garini. Gari gani hilo, Shabani, lenye majani mbele ya dirisha? Na pale chini pembeni, ile si ncha ya ndala yako ya bluu?

Dukani nilimsumbua muuzaji mpaka akaniita mpelelezi. Lenzi ya kwanza aliapa ni mpya, wallahi, kabla hata sijamuuliza. Nikaiinua kwenye mwanga, ndani nikaona ukungu kama wa mkate uliolala. Nikamrudishia. Ya pili nikatoka nayo mlangoni, nikamvuta karibu kwa lenzi njiwa aliyetua juu ya paa la ng'ambo ya barabara, nikayaona hata macho yake. Kisha nikampiga picha njiwa huyohuyo kwa simu yangu, akatoka mdogo kama punje ya mtama. Hapo ndipo nilipoelewa tembo wako, aliyejaa picha nzima ya simu, alikuwa karibu kiasi gani. Nikakaa kwenye ngazi ya duka la watu.

Najua kilichokudanganya. Umekulia juu ya dungu la kulindia mpunga, unapiga debe na tembo wanaondoka shambani, basi unadhani wanakuogopa. Baba naye alidhani hivyo. Siku aliposhuka dunguni na debe lake kumfuata yule mmoja aliyebaki, sisi tulikuwa juu tunacheka. Kesho yake tulimzika. Usiniambie ulikuwa mdogo, hukumbuki.

Kwa hiyo nimekuchukulia lenzi ndefu, ya milimita mia moja hadi mia nne, na kamera ya kawaida iliyokwishatumika. Najua utanuna. Nuna.

Mzigo utaupokea kwa shangazi, Kibiti. Nimemwambia asikupe mpaka uape mbele yake kwamba hutashuka garini. Usijaribu kumzunguka, yule anakujua tangu unatambaa.

Msalimie mama, na mjomba wa Nyamisati akipita na samaki wake. Picha ya kwanza nataka ya mama. Yeye akae mlangoni, wewe usimame kule kisimani. Usisogee, nitajua. Mama hukunja uso mtu akimkaribia na kamera, nami nataka nimwone anacheka.

Dada yako, anayekuona hata huko uliko,
Zuhura