Maelezo ya Shamima Haroub Kuhusu Kadi Tatu na Harusi ya Ijumaa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wete, Pemba
Alhamisi, tarehe 14/11/2024, saa 4:15 asubuhi

Jina: Shamima Haroub Ame
Umri: Miaka 31
Dini: Muislamu
Kazi: Kuchora hina na piko
Anapoishi: Jadida, Wete

Mie ndiye Shamima niliyetajwa hapo juu, na kabla ya yote naomba iandikwe kwamba sijui uganga. Sijui ramli, sijui bao, na mwanangu akipata homa nampeleka hospitali. Nimeambiwa nimeitwa kama shahidi. Lakini Bi Mwanawema, dada yake bwana harusi, ameniita mchawi kutoka mlangoni kwangu mpaka mlangoni kwenu, kwa hiyo sielewi mie ni shahidi au ni mshitakiwa.

Mwezi wa tisa mwaka huu nilimchora hina mgeni mmoja wa hotelini, bibi wa Kizungu. Siku ya kuondoka alinipa zawadi kadi zake za kutazamia, zenyewe zinaitwa taroti. Mie nilipenda maua tu. Kila kadi imezungushiwa maua na majani ya rangi ya dhahabu, kazi safi kabisa, na maua ndiyo riziki yangu. Nimeyachora kwenye mikono ya maharusi hapa Wete na hakuna aliyelalamika.

Udadisi ndio ulioniponza. Nilitafuta video kwenye simu, kuna bibi anafundisha kwa Kiingereza, na Kiingereza changu mie ni cha kuokoteza. Nilichoelewa ni kwamba unapanga kadi tatu: ya mwanzo ni yaliyopita, ya kati ni ya sasa, ya mwisho ni yanayokuja. Kila nikijifunza nachanganya. Ile kadi ya mtu aliyening'inizwa kwa mguu ilinishinda, leo naambiwa ni subira, kesho naambiwa ni hasara. Mume wangu Usama alinambia, "Acha hivyo vitu, utajitia matatani." Sikumsikiliza. Nilishajiona mtu.

Mnamo tarehe 12/11/2024, siku ya Jumanne, baada ya sala ya alasiri, alikuja kwangu Khairiya Khatib. Ni shoga yangu tangu utotoni, na harusi yake na bwana Hija ni kesho Ijumaa. Alikuja kuchagua maua ya hina. Nilimtolea kadi ili achague, akasema, "Shoga, nasikia unazisoma hizi. Hebu nisomee na mie." Nilikataa. Akashikilia, nikakubali.

Tulikaa kwenye mkeka, tunatazamana, kadi katikati yetu. Nilizipanga kifudifudi kama anavyozipanga yule bibi wa kwenye video. Kisha nikaanza kuzifunua na kuzisoma kutoka upande wa kulia. Sikufikiri hata kidogo, mkono ulikwenda wenyewe, maana tangu nilipotiwa chuoni kusoma Kurani nasoma kutoka kulia.

Ya kulia ilikuwa jua linawaka na mtoto anacheka juu ya farasi. Nikamwambia, "Hayo ndiyo yaliyopita, ulikuwa na raha." Akaniangalia. "Raha gani niliyoipata mie, Shamima?" Nikamwambia labda ni utotoni. Ya kati ilikuwa mume na mke. Tukacheka. Ya kushoto ilikuwa jumba refu linapigwa radi, moto unatoka madirishani na watu wanaanguka. Nikamwambia hayo ndiyo yanayokuja.

Afande, nyumba ya Khairiya ya kwanza, kule Ole, iliungua kwa radi. Mwaka ule ule akapewa talaka, na mama mkwe akasema mkosi ni yeye. Mie haya nilikuwa nayajua, na bado nilimsomea hivyo. Aliinuka akasema, "Basi kweli mkosi ni mie. Hija nyumba yake haijakauka hata rangi." Akaondoka bila kuchagua ua. Jana Jumatano asubuhi mama yake alikuta kitanda kitupu, na simu yake haipatikani.

Leo afande Rahma aliniambia nimuoneshe nilivyozipanga. Nikazipanga juu ya meza. Akaja upande wangu kuzibandika namba, namba moja akaibandika kwenye jumba la moto. Nikamwambia, "Afande, umeanzia mwisho." Akanijibu, "Nimeanzia kushoto. Wewe Kiingereza unakianzia wapi?" Yarabi! Nikafungua video pale pale. Mkono wa yule bibi unaanzia kushoto.

Tangu hapo kichwa kimenivurugika. Kama kadi hizi ni za uongo, mbona radi ya Ole imo, tena mahali pake hasa? Na kama ni za kweli, mbona nimekatazwa na dini yangu? Na mie nilimtisha mwenzangu kwa lipi, kwa kweli au kwa uongo? Sijui. Ninachojua ni kwamba nina hofu na nina haya, na nataka Khairiya arudi.

Naomba akipatikana asomewe maneno haya: shoga, nilikosea, moto ni ule ulioupita, na jua ndilo linalokuja.

Nimesema nilichokiona na nilichokifanya, sikuongeza wala sikuficha.

Sahihi: Shamima H. Ame

MAELEZO YA ASKARI: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali ni sahihi na ametia saini mbele yangu. Saa 6:20 mchana Khairiya Khatib amepiga simu kituoni kutoka Kisiwa Panza, yuko kwa shangazi yake, ni mzima. Nimemsomea maneno ya shahidi. Ameuliza, "Moto ulikuwa kushoto kwake au kushoto kwangu? Maana tulikaa tunatazamana." Nimelirudia swali lake kwa sauti. Bwana Hija, aliyekuwa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, ameomba simu. Amemwambia, "Rudi, Khairiya. Mimi na wewe tutakaa upande mmoja." Khairiya amejibu kwamba anatafuta boti ya kuvukia.

Koplo Rahma Bakari