Mtani Wangu Aliponiambia Kweli

Sindeni, Handeni
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Na Baba mpe shikamoo yangu, ila kwanza umwondolee redio sikioni, asije akamwitikia mtangazaji. Nataka kujua goti lako linaendeleaje, na kama tumbaku yote imeshatoka bandani. Mimi huku mwili mzima, nakula, nafundisha, nalala. Roho ndiyo haijatulia. Ningeweza kupiga simu, lakini najua tungelia wote wawili mpaka salio likatike, na wewe ukabaki hujui hata kilichotokea. Kwa hiyo naandika. Soma ukiwa umekaa.

Nilishakusimulia habari za jirani yangu, Mzee Mhando. Siku nilipohamia hapa alinikuta nashusha godoro, akaniuliza kwetu wapi. Nilipotaja Sikonge akatupa jembe chini, akamwita mkewe, Bi Mwanaisha, aje amwone mpagazi wa Kinyamwezi aliyerudi kuchukua mzigo wa babu yake. Nikajua nimefika kwa watani. Nikamjibu kwamba nimemfuata yeye, mtumwa wangu aliyetoroka. Tangu siku hiyo, Mama, sijawahi kumpa shikamoo mzee yule, na yeye hajawahi kuniita jina langu. Akipita kwangu akikuta kuku sufuriani, anakula bila kukaribishwa. Nikipita kwake nikikuta machungwa, nabeba. Walimu wenzangu waliotoka sehemu nyingine wanadhani tutashikana mashati siku moja. Hawajui kwamba ugeni wangu uliisha kwa matusi yake. Hapa Uziguani yeye ndiye aliyekuwa baba yangu, na hilo usimsomee Baba.

Binti yake wa mwisho, Zaina, alikuwa na mimba ya kwanza. Kliniki walimwambia nyonga yake ni ndogo, asithubutu kujifungulia nyumbani, aende hospitali ya Korogwe mapema akasubirie huko. Mume wake yuko machimboni. Gari la karibu ni kile kigari changu cheupe, basi nikasema mbele yao wote kwamba Jumanne nikitoka shule nitampeleka mimi. Mzee akasema hatimaye mpagazi amepata kazi ya ukoo wake.

Nikataka gari liwe tayari kwa safari hiyo. Kulipeleka kwa fundi sikutaka. Wa mwisho niliyempelekea, kule Masuguru, aliniapia kwamba amebadilisha oili na filta. Nilipofika nyumbani nikainama na tochi, nikakuta filta ni ile ile ya zamani, imefutwa kwa kitambaa ili ing'ae. Nilishangaa mpaka nikakosa tusi, mimi ambaye matusi ninayo ya akiba. Nikaapa kwamba kuanzia siku hiyo sevisi ya gari langu nitaifanya kwa mikono yangu.

Jumamosi iliyotangulia asubuhi nikatandika gunia uani, nikapiga jeki, nikaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, nikajifunga kitenge cha zamani kichwani, nikaingia uvunguni. Kwenye simu nilikuwa nimeshatazama kijana mmoja anavyofanya. Unaipasha injini moto kidogo, unafungua bolti ya chini, oili chafu inatoka, unabadilisha filta, unarudisha bolti, unamimina oili mpya, unapima kwa kile kijiti chake. Kupika makande ni kazi zaidi.

Bolti nikaiona. Nikaifungua. Oili ikatoka nyekundu.

Nyekundu, Mama, safi, kama mawese yaliyochujwa. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cheusi kama masizi, kwa hiyo nilishtuka, lakini nilishtuka kwa furaha. Nikajiambia kumbe gari langu ni safi kiasi hiki tumboni. Nilipofungua filta, yenyewe ikatoa nyeusi tititi, ikanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Hapo mtu mwenye akili zake angesimama akajiuliza inakuwaje. Mimi nilijifuta mkono nikaendelea.

Mzee Mhando alikuwa kwenye ua wa minyaa akitafuna muwa. Ujanani aliendesha trekta kwenye mashamba ya mkonge. Akanyoosha shingo, akatazama beseni langu.

"Mpagazi, hiyo umemwaga ya giaboksi," akasema. "Jumanne utalibeba gari kichwani kama babu yako."

Akacheka, akatema makapi ya muwa, akaenda zake. Nami nikamjibu kutoka uvunguni kwamba mla ugali wa bada habari za magari amezipata wapi. Nikacheka peke yangu, Mama, hadi mchanga ukaniingia mdomoni. Tangu nimjue mzee yule, ameshaniambia paa la nyumba yangu limeondoka na upepo, ameshaniambia mkuu wa shule amenifukuza kazi, ameshaniambia kuna simba chooni. Ningeanzia wapi kumwamini siku ile?

Nikamimina oili mpya, galoni zima. Kijiti kikaonyesha imepita alama kwa mbali sana. Nikajiambia kuzidi si kupungua. Nikawasha, injini ikalia vizuri, nikazima, nikaenda kuoga kwa majivuno. Jumapili na Jumatatu sikulitumia gari, kwa sababu shule naenda kwa miguu.

Jumanne hatukufika hata saa ya kutoka shule. Nilikuwa darasani Bi Mwanaisha akatokea mlangoni, hana viatu. Uchungu ulikuwa umeshamshika Zaina tangu alfajiri na wao walidhani ni tumbo tu. Nikaacha chaki mezani. Tulipofika nyumbani Zaina alikuwa ameshaingizwa kiti cha nyuma, ameushika mlango kama mtu anayetaka kuung'oa. Bi Mwanaisha akaingia na furushi la kanga. Nikawasha gari. Nikaweka gia ya kwenda mbele, nikakanyaga.

Injini ikanguruma na gari halikusogea. Nikakanyaga zaidi. Ikanguruma zaidi, na nyuma yetu ukatoka moshi wa bluu ukafunika ua mzima. Nikarudisha gia, nikaweka tena. Gari lilisimama palepale kama nyumba. Sikuelewa. Nakuambia kweli, kwa muda ule nilidhani jiwe limebaki kwenye gurudumu, nikashuka kutazama, na jiwe halikuwepo. Nilipoinua kichwa nikamwona Mzee Mhando amesimama mbele ya gari. Alikuwa anautazama moshi. Kisha akanitazama mimi, na hapo ndipo nikaisikia upya sauti yake ya Jumamosi, neno kwa neno. Mkono wangu ulikuwa kwenye mlango na sikuuhisi.

Nilimngoja anitukane. Hakunitukana.

"Mshusheni," akasema, basi.

Walimpakia Zaina kwenye bodaboda, dereva mbele, mama yake nyuma amemkumbatia, wakaenda hivyo kwenye mashimo yote yale mpaka barabara kubwa. Huko lori la machungwa likawahurumia, wakampandisha mbele kwa dereva. Mimi na mzee tulifuata kwa pikipiki nyingine, tumebanana, na njia nzima mpaka Korogwe hatukusemezana. Mama, hujawahi kuniona nikinyamaza njia nzima.

Zaina alipasuliwa muda ule ule tulipofika. Muuguzi alitoka akatuambia kizazi kilikuwa kinakaribia kupasuka, kisha akarudi ndani, tukabaki na neno hilo. Nilikuwa na oili kwenye kucha tangu Jumamosi, haikutoka kwa sabuni, nikaificha mikono ndani ya kanga. Mtoto alipotolewa hakulia. Walimhangaikia huko ndani na sisi tunasikia vyombo tu. Halafu akalia. Ni wa kike. Zaina naye alipoteza damu nyingi, akaongezewa, akalala huko siku nyingi, lakini amepona na amerudi nyumbani. Hapo sasa unaweza kupumua, Mama. Mimi sikuweza.

Sikuweza kwa sababu ya kilichofuata. Asubuhi ya kwanza tuliporudi kijijini nilimkuta mzee anafagia uani kwake. Nikajikaza, nikamwita mtumwa wangu, nikamwuliza kama ameshakula. Akaweka ufagio chini.

"Habari za asubuhi, Mwalimu," akasema.

Mwalimu! Nimepigwa na mambo mengi mwaka huu, lakini hilo ndilo lililoniangusha. Nilirudi ndani nikakaa kitandani nimeduwaa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Nikipika kuku hapiti. Akinikuta njiani ananipisha. Angeniponda jiwe ningeelewa. Mtu akikutukana kila siku halafu akaanza kukuheshimu, ujue umeshakufa moyoni mwake. Nilifikiri hata kuomba uhamisho, na nilikuwa nimeshaanza kupanga vitabu.

Fundi mwingine alikuja kutoka Korogwe, akaingia chini ya gari, akatoka anacheka mpaka alipoona uso wangu. Alinieleza kwamba chini kuna bolti mbili, moja ya injini na moja ya giaboksi, nami niliikausha giaboksi nikaijaza injini oili ya mara mbili. Bahati yangu sikulitembeza, ingesagika yote. Alitaka kulirekebisha mwenyewe. Nikakataa. Nilimwomba anionyeshe tu, nikalala tena juu ya gunia uvunguni, nikamwaga ile iliyozidi, ikatoka nyeusi kama inavyotakiwa, nikajaza upya kwa kipimo, na giaboksi nikairudishia oili yake. Nilijua nikiacha siku ile sitashika spana tena maishani.

Fundi alipoondoka, Mzee Mhando akaja. Alikuwa na kigoda chake. Akakaa karibu na beseni la oili chafu.

"Mwalimu, unadhani nimekununia," akasema.

Niliendelea kufuta spana.

"Sijakununia. Nimeuogopa mdomo wangu. Ile nyekundu nilipoiona nilijua kabisa ni kitu gani. Nikakwambia, nikacheka, nikaenda kula. Nikajisemea mpagazi si mjinga, amesikia, ataita fundi. Mtu anajua mwanawe atapanda gari lile, halafu anacheka?"

Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwaga. Akatikisa kichwa.

"Wewe hukujua. Mimi nilijua."

Siku zote zile mimi nilidhani ananihukumu, kumbe alikuwa anajihukumu mwenyewe, mzee wa watu, kwenye ua wake, akifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Akaniambia ameamua kuacha utani na mimi, kwa sababu siku nyumba yangu ikiwaka moto akaniambia, nitacheka tena. Na kwa kweli ningecheka.

Sijui nilipata wapi akili. Nikamwambia asiache. Ila siku akiwa na neno la kweli, la kufa na kupona, aniite Nyamizi. Hajawahi kuniita hivyo, na mimi nikilisikia jina langu kinywani mwake nitajua hapo hakuna mzaha, nitasimama hapo hapo bila kuuliza. Kisha akainuka, akachukua kigoda chake, akachukua na beseni langu pamoja na oili yote, akasema anakwenda kupaka nguzo za banda lake mchwa wasizile, na mpagazi hana haki ya kumiliki beseni. Nililia, Mama. Kwa kuibiwa beseni nililia kama mtoto.

Hizo ndizo habari zangu. Nisalimie Baba, na umwambie gari lake likifikisha muda wa oili asimwamini binti yake hadi aone ni bolti gani. Nisalimie kaka Maganga na wifi yangu, na wamwambie mjomba wangu mlevi kwamba nimemsamehe ile baiskeli aliyoipoteza. Bibi mwambie nakula vizuri. Shangazi Kalunde anayenitafutia mchumba mwambie

Ngoja, Mama. Mzee Mhando anaita huko nje. Ameita Nyamizi.

Nimerudi. Nilitoka mbio na kalamu mkononi, kiatu kimoja, nimeshamwona Zaina amezimia, nimeshamwona mtoto hapumui. Nikamkuta mzee amesimama kwenye minyaa, amembeba mjukuu wake amelala. Zaina alikuwa nyuma yake anaanika nepi, mzima. Nikamwuliza kuna nini.

"Nyamizi," akasema tena, polepole, kama mtu anayesoma neno kwa mara ya kwanza. "Sina kinyongo na wewe."

Kisha akaniuliza mpagazi anangoja nini kwenye ua wa watu wakati mizigo ipo.

Shangazi mwambie asubiri.

Ni mimi mwanao,
Nyamizi