Mteja wa Mwanzo

Jumatatu, 11 Machi 1996

Nimejitakia mwenyewe. Tangu nitoke semina ya wafanyabiashara, kazi yangu kumsomesha Rukia, muuzaji wangu, ambaye mteja akiingia humtazama kama kaja kuomba.

Leo asubuhi, tumefungua duka tu, nikajifanya mteja mkorofi. Nikashika vile viatu vya kijani vilivyododa tangu mwaka juzi.

"Vibaya hivi," nikamwambia, nikageuka kutoka.

Rukia akatabasamu. "Bi Salma, wewe ndo mteja wangu wa mwanzo leo. Utoke mikono mitupu, unifungie riziki?"

Nani anataka nuksi dukani kwake mwenyewe? Nikanunua.

Nnaandika huku nimeloweka miguu. Siku zote nikisema hakuna mjinga atakayevinunua.

Kapatikana, tena kavivaa mpaka nyumbani.