Nyekundu Ibaki Nyekundu

Muhumba, Bukavu
Alhamisi

Na si kweli kwamba Fikiri amekuaibisha, Yaya Abdulhamid, kaka yangu. Jana ulikata simu kabla sijamaliza, basi namalizia kwenye karatasi. Lakini nisisahau adabu ya Mama: salamu nyingi kwako, kwa wifi Djamila na kwa watoto. Mgongo wako umepona? Joto la Uvira limepungua? Sisi tuko wazima. Mvua inatunyeshea kila alasiri, na mimi, Yaya, nina furaha mpaka naona haya.

Siku arobaini na tatu za ndoa! Fikiri ananiita mke wangu hata mbele ya muuza makala ya kupikia. Juzi alitaka kunipikia pilau ya kwetu. Aliandika hatua zote kwenye daftari kwa namba, kama anavyoiandikia kompyuta, kisha akasahau chumvi. Nilikula sahani mbili. Wanaosema mapenzi huishia kwenye harusi, waambie wapande gari waje Muhumba.

Sasa jambo lenyewe. Najua wewe ndiye uliyemwombea kazi kwa Papa Polycarpe, directeur, mkuu wa shirika lao la afya, na najua amekupigia analalamika. Umesema Fikiri aandike barua ya msamaha na arudishe rangi ya kijani, la sivyo mimi nirudi Uvira mpaka mume wangu apate akili. Basi uelewe kwanza ni kijani gani hicho.

Programu kubwa ya shirika, inayotunza namba za wagonjwa, imeandikwa kwa lugha moja ya kompyuta. Vituo vya afya vinatumia programu nyingine, za lugha nyingine, na hazielewani. Fikiri ametengeneza chombo: unakipa maelezo ya ile programu kubwa mara moja tu, nacho kinazalisha mlango kwa kila lugha, ili zote ziweze kuiuliza na kujibiwa. Mimi mwenye diploma ya sekondari tu, nilipoelewa nilimpigia makofi jikoni peke yangu.

Chombo kinatembea na jedwali lake. Upande mmoja kuna aina za mashine, upande mwingine kuna lugha. Kijani maana yake tumejaribu na inafanya kazi. Nyekundu, haifanyi. Fikiri alikuwa amejaribu kwenye mashine yake tu, yenye mfumo wa Linux. Lakini vituo vya Sange na Kamituga vina mfumo mwingine, Windows ya zamani, kwenye mashine zilizopita mikono mingi. Nikakiweka chombo kwenye clé USB nikaenda kwa Gisèle, dada yake Fikiri, mwenye duka la photocopie, la kutoa nakala, na kompyuta ya umri uleule. Nikaingiza namba ya mgonjwa, tarakimu kumi na mbili. Kwa mlango wa lugha moja, Java, ikarudi na alama ya kutoa mbele. Gisèle alichungulia, akauliza kama huyo mugonjwa iko anarudi tumboni mwa mama yake. Tulicheka sana. Kisha nikajaribu mlango wa lugha nyingine, Python, na kila namba niliyoingiza ikarudi ileile moja. Wagonjwa kumi, namba moja. Hapo sikucheka tena. Nilimfikiria mama mmoja wa Kamituga akipewa dawa za mwingine, na muuguzi akiapa kwamba kompyuta imesema.

Fikiri aliniambia kwamba kwenye zile mashine nafasi ya kuweka namba ni fupi, namba ndefu inafurika. Aliomba wiki tatu za kurekebisha. Papa Polycarpe akakataa. Wageni wanaotoa pesa za shirika wanafika Jumanne, alisema, nao hawakutoka mbali kuja kutazama nyekundu. Pakeni kijani, mutarekebisha kisha. Kamituga iko mbali, nani atajua? Na wewe, Yaya, ulimpigia Fikiri ukamwambia bwana harusi mpya habishani na mtu anayemlisha.

Jumanne jedwali likaonyeshwa ukutani mbele ya wageni, na ndani yake viboksi viwili vyekundu. Wageni wakauliza maswali mengi. Papa Polycarpe akageuka akauliza ni nani aliyefanya ujinga huu. Fikiri akasimama akasema ni yeye. Kabla ya saa sita alikuwa nyumbani, amesimamishwa kazi.

Sasa keti, Yaya, maana hili hukuambiwa na mtu. Fikiri alikutii. Jumatatu alipaka viboksi vyote kijani, kwa ajili ya jina lako, kisha akakataa kula. Asubuhi ya Jumanne, alipokuwa anapiga pasi shati, mimi nilifungua kompyuta yake nikarudisha nyekundu. Ndani yake nikaandika: Haifanyi kazi, inabadilisha namba ya mgonjwa. Sikumwambia. Alikutana nayo ukutani pamoja na wageni, na akajua palepale, kwa sababu hakuna mwingine anayegusa kompyuta ile. Na bado alisema ni yeye. Huyo ndiye unayemwita mkaidi. Mkaidi ni dada yako.

Kosa langu ni moja: nilimwacha aingie mle ndani bila kujua. Kwa hilo nimemwomba msamaha. Siku nzima alijifungia na daftari lake, siku ndefu kuliko zote arobaini na tatu, kisha akasema mara nyingine nimwambie, tuingie wote wawili. Msamaha mwingine sina, si kwa Papa Polycarpe, si kwako. Kesho naenda ofisini kumwambia directeur kwa mdomo wangu kwamba mkono ulikuwa wangu. Fikiri hataki. Nitaenda. Akimrudisha kazini, vizuri. Asipomrudisha, tutakula sombe, majani matupu bila samaki, lakini kijani cha uongo hakitapakwa nyumbani mwangu.

Na kurudi Uvira nikangoje mume wangu apate akili, sirudi. Akili anayo, na mimi ninaye.

Nisalimie Mama, umbusu mikono yake kwa niaba yangu. Mwambie Djamila kitambaa alichonipa nimeshona, kimenikaa vizuri. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kuwasalimu, mimi na Fikiri pamoja. Hasira zako zitunze mpaka siku hiyo, kisha unifokee mimi, si yeye. Nitakaa mbele yako nikusikilize mpaka mwisho, bila kukata.

Mdogo wako anayekupenda,
Salima, mke wa Fikiri