Mishono Chini ya Bitana

Leith, Edinburgh
Jumapili, baada ya ibada

Kwako dada yangu Effie,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba upepo wa huko Ullapool umekuachia angalau siku moja ya kuanika nguo. Mimi ni mzima wa mwili. Ule mchuzi wa kondoo na shayiri unaonisisitizia naupika, ila mkono bado unapima wa watu wawili, kwa hiyo naula na kesho yake. Asante kwa soksi. Lachlan angezipenda. Nimezivaa mimi.

Uliniuliza kwa simu kwa nini siku ya mazishi ya mume wangu nilimpa mgongo Una Rendall, yule mchoraji wa ghorofa ya juu, alipokuja kunipa mkono. Nilikujibu kwamba sikumwona. Nilimwona, dada.

Unamkumbuka: mwanamke mrefu, mashoto, kucha hazikosi rangi. Huchora kwa rangi za mafuta. Ukuta wa mkahawa wa pale kona umejaa picha zake za mjini, tramu kwenye mvua, ngazi za mawe, madirisha yanayoanza kuwaka taa. Nyingine ni za vitu alivyovipanga mezani: samaki juu ya karatasi, mapea, jagi. Lachlan alikuwa hanywi kahawa, lakini pale alisimama kuzitazama. Mara moja aliwaambia wateja wetu kwamba Una akichora barabara iliyolowa unatamani kufuta viatu. Nilicheka pamoja nao. Moyoni nilihesabu kwamba tangu tuanze kuketi meza moja ya kushonea, yeye kwenye marinda ya kilti, zile sketi za sufu za wanaume, mimi kwenye mikanda na vifungo, hakuwahi kuisifu kazi yangu kwa maneno mengi kiasi kile.

Halafu kulikuwa na Alhamisi. Kila Alhamisi mchana alichukua mfuko wake akasema anakwenda maktaba kusoma magazeti, na alirudi akinuka tapentaini ya kuoshea brashi za rangi. Unanijua, mimi siulizi. Nilimmiminia chai, nusu kikombe kama alivyopenda miaka ile ya mwisho, nikamwekea biskuti zake. Amekufa bado sijauliza.

Wiki iliyopita alikuja Geddes, yule anayepiga zumari kwenye harusi. Alileta kilti tuliyomshonea sisi, akidai imesinyaa kabatini.

Nikamwambia, "Sufu yetu haisinyai, Geddes. Wewe ndiye unayetanuka."

"Ni keki za harusi, Bi Rhona," alisema. "Bibi harusi akikukatia kipande, utakataaje?"

Aliomba niipanue kabla ya Jumamosi. Kwa kazi hiyo lazima kufungua bitana. Wewe hukuwahi kushona, kwa hiyo nikueleze: marinda hushonwa kwa nje kwa mishono midogo isiyoonekana, lakini ndani, chini ya bitana, kuna mstari mwingine wa mishono unaobeba uzito wote wa kitambaa. Ukishafunikwa hauonekani tena. Miaka ile ya mwisho Lachlan alikuwa aking'ang'ania kufunga bitana mwenyewe kabla kilti haijanifikia mimi. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Nilifungua. Mishono ya mwanzo ilikuwa yake, lakini ilipanda na kushuka kama ya mtoto anayejifunza, na kando yake palikuwa na matundu alipofumua na kurudia. Kisha ikaanza mishono mingine, myembamba, iliyonyooka, imelalia upande wa pili, kama inavyolala sindano ikishikwa na mkono wa kushoto. Juu ya kitambaa kigumu cha ndani palikuwa na alama ya kidole gumba, ya rangi ya bluu.

Dada, ningekuta nywele za mwanamke kwenye koti lake nisingeumia vile. Tena kilti hiyo naikumbuka. Ilipokwisha kushonwa niliinyanyua dirishani nikamwambia Lachlan mkono wake umerudi ujanani. Alinishukuru, akatazama pembeni.

Nilipanda ngazi na kilti mkononi, hata aproni sikuvua. Nilitaka kujua zile Alhamisi mume wangu alikuwa wa nani. Una alifungua, akaiona kilti, akaweka brashi chini.

"Geddes ameshiba, naona," alisema. "Nilijua iko siku itafunguliwa."

"Alikuwa anafanya nini humu?"

"Alikuwa anatetemeka," alisema. "Kaa, Bi Rhona."

Sikukaa. Alinieleza nikiwa nimesimama. Mkono wa kulia wa Lachlan ndio ulioanza kutetemeka. Siku moja alimkuta Lachlan kwenye ngazi akishindwa kuingiza ufunguo, akamwingizia. Baadaye Lachlan alimletea kazi mfukoni. Lachlan akawa anamwelekeza, Una anashona, na Lachlan alikuwa mkali. Alimwita fundi wa magunia na kumfumulisha mstari mzima. Mishono ya kwanza ilikuwa lazima Lachlan aishone mwenyewe, hata ichukue mchana wote. Una asema alimsihi mara nyingi aniambie.

"Alinijibu hivi," alisema. "'Rhona akijua ataichukua sindano mkononi mwangu kwa upole kabisa, na upole huo sitauweza.'"

Na kweli ningeichukua.

Ukutani palikuwa na picha ambayo hajaiuza. Chaki ya Lachlan, mkasi, subana yake ya kidoleni yenye kibonyeo, kipande cha kitambaa cha mirabamiraba, na kikombe cha chai. Chai imefika nusu. Nilimwuliza kwa nini hakukijaza. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali, akasema kingejaa kingemwagika mkononi mwake Lachlan.

Miaka yote ile nilimmiminia nusu, dada, nikidhani ndivyo anavyopenda.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Hawakuwa na jambo baya, naamini. Lakini wivu haujaondoka, umezidi. Simwonei Una wivu kwa sababu ya mapenzi. Namwonea wivu kwa kutetemeka kule. Mimi mkewe nilipewa mikono iliyotulia, imefichwa mfukoni. Yeye akapewa ile ya kweli.

Nilirudi chini nikashika kifumulio, nikikusudia kutoa mishono yake yote na kushona yangu. Nikavuta mmoja. Mishono ya Lachlan ikaanza kulegea. Uzi ni mmoja: alipoishia yeye, Una aliendelea bila kuukata. Nikauacha. Niliipanua kilti pembeni, nikafunga bitana kwa mkono wangu, na Geddes amekwisha kuivaa.

Kazi za majira ya harusi zimenizidi. Nilimtumia Una ujumbe kwamba aje Alhamisi, na siku nyingine asije. Alikuja na subana yake mwenyewe. Nilimweka mwisho wa meza, si kwenye kiti cha Lachlan. Bado simpendi. Ilipofika saa ya chai nilimmiminia, na mkono ukasimama nusu kikombe. Alikitazama, akanywa, hakuomba kuongezewa.

Wasalimie shemeji na wote wa hapo nyumbani, na ulikande goti kwa maji ya moto hata kama hutaki. Nitafurahi kupata mkono wako wa barua.

Ni mimi mdogo wako,
Rhona