Kiingereza cha Kukataa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Kundi jipya. Wanawake wa Nyacheki na Itumbe, vidole bado vyeusi kwa kuchuma chai. Wanaenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na mimi ndiye wa kuwapa Kiingereza. Darasa ni chumba juu ya duka la mabati hapa Keroka. Lori likipiga honi nanyamaza mpaka lipite.

Azimio la kazi ameliandika Bwana Masese mwenyewe, mwenye ofisi hii ya kuwasafirisha. Salamu. Vyombo vya jikoni. Kupokea amri. "Yes, madam." "Sorry, madam." Basi! Na mimi nilisomea Kiingereza na fasihi chuoni.

Andalio la somo la kesho — shabaha: mwanafunzi aweze kuitikia amri. Nimelisoma tena. Nimeitupa kalamu.

Jumanne, 6 Mei

Wanaitikia vizuri, kama kwaya. Halafu Bonareri akainua mkono, yule wa Itumbe aliyemwachia nyanya yake mtoto.

"Mwalimu, na kama sitaki, nasema aje?"

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, yawa, kwa sababu kwenye karatasi yangu hakukuwa na jibu.

Mchana simu — shule moja ya Homa Bay! Mahojiano wiki ijayo. Karibu na nyumbani, darasa la kweli, watoto wa kweli. Ila nije na vyeti halisi. Na vyeti vyangu viko kwenye kabati la Masese. Alivichukua siku niliyoanza kazi, eti anavitunza.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwendea. Akanikalisha, akaniagizia chai. Eti mimi ni kama dada yake, hawezi kunizuia. Lakini Jumatatu wakala wa kule Ghuba atawahoji wanawake kwa video. Wakipita wote, nichukue vyeti siku hiyohiyo. Wasipopita, basi bado sijajua kufundisha, nikae nijifunze na kundi lingine.

Kabati liko nyuma ya kiti chake. Nilikuwa naliangalia anapoongea.

Nikamwambia asante. Asante! Kwa vyeti vyangu mwenyewe.

Alhamisi, 8 Mei

Kemuma amenipigia. Alikuwa kwenye kundi lililotangulia, yuko huko Ghuba tayari. Anaongea kwa kunong'ona, amejifungia bafuni kwa nyumba ya watu.

"Mwalimu, tumbo inauma huku chini. Damu inatoka. Nikishika tumbo, madam anafikiria nataka kulala. Nipe Kiingereza yake."

Nipe Kiingereza yake.

Nikampa polepole. "I am bleeding. I need a doctor." Akarudia, ikatoka "breeding". Si mara moja. Ile l yao ya Kigusii, inageuka r kila mara! Na hilo ni neno la mifugo kuzaliana — madam atacheka tu. Weka ulimi nyuma ya meno, Kemuma. Tena. Tena. Alikuwa karibu kulipata. Nikasikia mlango unagongwa, simu ikakatika.

Nimepiga na kupiga. Imezimwa.

Majina ya sufuria anayajua yote.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeliweka azimio kando. Andalio langu mwenyewe — mwili, maumivu, kukataa. Kwanza l na r, ndimi nje, vicheko. Halafu: "No, madam. I am sick." Bonareri aliisema kwa sauti mpaka wauzaji wa chini wakatazama juu. Akafunika mdomo, halafu akaisema tena.

Persis, mkubwa wao, akakataa kufungua kinywa. "Mwalimu, mimi nimeuza ng'ombe ndio niende. Hiyo 'no' fundisha wengine."

Nikaendelea na wengine.

Kugeuka — Masese yuko mlangoni. Hakupiga kelele. Alifuta ubao mwenyewe, kwa kiganja. Ngazini nikamwambia habari za Kemuma. Akasema atauliza. Halafu: "Madam Adhis, Jumatatu nikisikia 'no' moja tu, usiniulize habari ya kabati."

Jumapili, 11 Mei

Misa. Sikusikia mahubiri hata kidogo. Simu ya Kemuma bado imezimwa. Masese hapokei yangu.

Mama amepiga kutoka nyumbani. Ameshanitandikia kitanda, ananunua samaki. Nikasema niko njiani, Mama. Uongo au si uongo, kesho nitajua.

Andalio la kesho: sijaandika chochote.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika ngazini. Mahojiano hayajaisha.

Persis amepita. Waliomfuata pia. Swali gumu ni moja. Mwanamke kwenye skrini, yule wakala, anauliza: nyumba ina wageni na wewe ni mgonjwa, utafanya nini? Jibu analotaka — "I will work, madam." Masese ameliandika kwa herufi kubwa, amelibandika nyuma ya kompyuta. Mimi nimewekwa kando ya kiti, niwasaidie wakikwama.

Bonareri akaulizwa. Akaliangalia lile jibu. Akanigeukia. Masese naye akanigeukia. Kinywa changu kilikuwa kimefunguka, sijui kilitaka kusema nini — mtandao ukakatika.

Sasa Masese yuko ndani anahangaika na modemu. Bonareri amekaa ngazi ya chini yangu. Nimemwambia habari za Kemuma, zote, hata bafu, hata mlango.

Akafikiri. "Nikisema no, nitaachwa?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe pia utaachwa hapa, pamoja na sisi."

Nani amemwambia habari ya vyeti? Labda ofisi nzima inajua.

"Sasa wewe Mwalimu, ungesema aje?"

Nimefungua kitabu hiki nijifanye nina kazi.

Masese anaita. Mtandao umerudi, na mimi niingie. Bonareri ameshasimama, ananyoosha sketi. Anajaribu sentensi bila sauti, midomo inacheza. Ulimi umegusa meno? Kutoka hapa siwezi kuona ni sentensi gani, yangu au ya Masese.