Pole Si Nisamehe

Binti yangu Nesi Zawadi,

Marahaba. Najua ungeanza kwa kuniamkia, basi nimeshaitikia tusipoteze karatasi. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Niliishia darasa la tatu, lakini la tatu la enzi zetu lilikuwa zito kuliko kidato chao cha nne. Na naiacha wazi, anayetaka asome, hata wazee wa kanisa letu. Hasa wao.

Unakumbuka asubuhi zetu pale zahanati? Mimi benchini, mguu juu ya kiti, wewe unasafisha kidonda. Nikakwambia kikundi cha maombi wametangaza mfungo kwa ajili ya mguu wangu, na mimi nifunge. Ukasema, "Babu, wewe una sukari. Waache wafunge wao, wewe kula." Ni hilo tu ulilosema. Baba Yona, mzee wa kanisa, akalibeba mpaka madhabahuni, akatangaza kuwa wewe ni adui wa imani, unazuia uponyaji.

Adui wa imani! Wewe niliyekuona midomo inachezacheza kwa sala huku unanifunga bendeji.

Na yale mafuta ya upako waliyotaka kunipaka badala ya dawa yako, nani asiyejua yalikotoka? Ni alizeti yangu. Nililima mimi, nikapeleka kukamua kwenye mashine ya kule Mkiwa mimi, galoni nikaitoa kanisani mimi. Alizeti yangu haina mpinzani kutoka hapa hadi Unyambwa, kwa kukaanga kuku. Ingekuwa inafunga vidonda, ningekuwa wa kwanza kujua. Mungu namwamini. Nilibatizwa Baba Yona bado anachunga mbuzi bila suruali. Ndiyo maana sitaki Mungu asingiziwe.

Baada ya tangazo lile kina mama wakaacha kuleta watoto kliniki. Ukisalimia kisimani, watu wanaangalia ndoo zao. Ukaomba uhamisho. Waliposikia unaondoka, ndipo wakaja eti kukuomba radhi, nami nipo pale pale benchini.

"Pole sana, binti yetu," akasema Baba Yona. "Shetani alitupitia. Mungu ameshasahau, nawe usahau."

Pole! Pole anaambiwa mtu aliyeunguliwa nyumba, na anayeisema ni mpita njia. Aliyewasha moto hasemi pole, anasema nisamehe. Na huyo shetani mbona anawapitia wao tu kila siku, kwani uani kwao ni barabara?

Ukauliza taratibu, mkasi mkononi, "Nani alisema mimi ni adui wa imani?"

Baba Yona akasema, "Tuombe." Wote wakafumba macho. Tukabaki mimi na wewe tunatazamana. Ukaninong'oneza, "Babu, fumba macho." Nikakujibu kwa sauti, "Nikifumba nitaibiwa." Ukacheka mpaka bendeji ikakudondoka. Sikukuona ukicheka tena hapa kwetu.

Sasa mguu umepona. Leo Jumapili wameniita nitoe ushuhuda wa uponyaji. Nikavua kiatu, mguu nikauweka kwenye benchi la mbele wauone vizuri. Nikasema, "Mungu ameponya, na mkono aliotumia ni wa Nesi Zawadi, mliyemfukuza."

Baba Yona akadakia, "Mzee wangu, hilo tumeshamwachia Mungu."

"Mungu hakusema neno lile. Ulisema wewe. Lirudishe wewe."

"Mzee, unaharibu ibada."

"Uliiharibu wewe siku ile, mimi nafagia tu."

Hakulirudisha. Akatangaza kwamba Jumamosi watakodi gari waje huko kwako Kiomboi, na kwaya, na kuku, wafanye ibada ya upatanisho. Kwaya! Neno moja limemshinda kutamka, anakuja na sauti nne za kuimba. Kuku pokea, huko huwezi kupata kuku kama wa kwetu. Lakini usimpe msamaha mtu ambaye hajauomba. Wakisema Mkristo husamehe, waambie Mkristo pia hukiri.

Nilipotoka kanisani mke wake, Mama Yona, akanifuata mpaka barabarani.

"Shikamoo, baba. Utamwandikia?"

"Marahaba. Namwandikia leo leo."

"Mwambie mimi ndiye niliyewakataza kina mama wasipeleke watoto. Si shetani, ni mimi. Niliona wivu, walikuwa wanamsikiliza yeye kuliko mume wangu. Mwambie nimekosa."

Nikamwambia, "Hilo likatoke kinywani mwako."

"Litatoka. Mume wangu amesema gari limejaa. Nitapanda hivyo hivyo."

Basi mwanangu, Jumamosi utamwona mama mmoja anashuka wa mwisho, haimbi. Huyo mpe kiti. Wengine wape chai.

Ni mimi babu yako, ambaye hakufunga